Neno la Kwanza la Mwingereza

Juzi nilimkaribisha jirani chai. Akasema ameshiba mpaka shingoni. Nikammiminia hivyo hivyo, akamaliza birika. Nikamkumbuka mama, na aibu ikanipanda upya.

Baba alikuwa amewafulia Waingereza soksi za kujaza bonde zima la Lushoto, na alikuwa akituonya: "Mwingereza habembelezi. Akikupa, pokea." Sisi tulicheka tu.

Uhuru ulipokuja, mwalimu wetu, mama mmoja Mwingereza, akafungasha arudi kwao. Mimi na mama tulimpelekea peasi za kumuaga. Sebuleni kwake palinukia keki, na mezani palikuwa na cherehani. Nyumbani mama alikuwa akitushonea sare kwa mkono, vidole vimejaa matundu ya sindano.

"Mama, ungependa kuchukua cherehani hii?" mwalimu akauliza.

Mama akainamisha kichwa kama mtu aliyelelewa vizuri. "Aa, mwalimu, mimi na cherehani wapi na wapi?"

Mwalimu akatabasamu, akaifunika.

Nikaropoka, "Mwalimu, anaitaka! Anaiota kila usiku!"

Mama akanifinya, akacheka kicheko cha kupasua vioo. "Usimsikilize, mwalimu. Mtoto huyu muongo."

Masikio yaliniwaka moto. Nilidhani mwalimu ni mchoyo, kumbe kwao neno la kwanza ndilo neno, naye alikuwa akimheshimu mama.

Njiani, kwenye harufu ya mikaratusi iliyolowa, mama alitangulia bila kunitazama. Tulipokaribia nyumbani akasema polepole, kwa Kishambaa, "Angeniambia mara ya pili tu."