Siku Niliyomwachia Kaunta Akiwa Amefunga

Ofisi yetu ya uwakala wa forodha pale Tunduma ilikuwa na kaunta moja na wanawake wawili: mimi, Mkristo wa milima ya Ileje, na mwenzangu Mwislamu kutoka Kondoa, aliyenizidi umri na kunifundisha kazi. Tulikuwa na mapatano yetu ambayo hakuna bosi aliyeyaagiza. Jumapili na Krismasi alikaa yeye, mimi nikaenda kanisani. Mwezi wa Ramadhani, ikifika alasiri, alikwenda nyumbani kupika futari, mimi nikabaki kugombana na madereva mpaka tunafunga ofisi.

Usaili wangu ukaangukia katikati ya Ramadhani. Kampuni ilitaka msimamizi wa vituo vya mpakani, Tunduma na Isongole, na ilikuwa inachukua mtu wa ndani. Niliitaka nafasi ile kama mwendawazimu. Kumwomba bosi ruhusa hakukunipa taabu. Taabu ilikuwa kumwomba mwenzangu.

"Nenda, mdogo wangu," alisema hata sijamaliza. "Siku moja tu. Wanangu watafuturu chai na mkate, hawatakufa."

Mbeya, makao makuu, nilikuta watu watatu nyuma ya meza. Nilijibu vizuri, hilo sitalificha. Kisha mwenyekiti wao akauliza leo Tunduma yuko nani kaunta. Nikamwambia. Akapiga simu hapohapo, akaweka spika ili sote tusikie. Huko nyuma honi zilikuwa zinalia, na dereva wa Kizambia anaita, "Bamayo! Bamayo!" kama wanavyomwita mama wanayetaka awahudumie.

"Unamudu peke yako?"

"Namudu, mzee, kazi inakwenda. Huku msiwe na wasiwasi. Huyo mliye naye ni hodari, mpeni kazi."

Najua kwa nini alisema vile. Aliogopa wakiona kaunta imelala bila mimi, watanirudisha nilikotoka. Mwenyekiti akawageukia wenzake. "Kumbe pale mtu mmoja anatosha," akasema.

Hapo ndipo nilipopaswa kufungua mdomo. Ningesema ni siku moja tu, tena mwenyewe amefunga na amekwishakauka koo. Maneno yalikuwepo. Nikatabasamu kama bibi harusi, nikashukuru, nikatoka.

Kazi nikapewa. Kiti changu cha zamani hakikupata mtu. Kila nilipoomba aajiriwe mwingine, makao makuu walinijibu kwamba mhusika mwenyewe alisema anamudu, na mimi nilikuwepo nikisikia. Ningebisha nini? Niliona aibu mpaka nikaacha kuomba, na nilipoacha, nikaona aibu zaidi.

Ramadhani iliyofuata nilikwenda Tunduma kukagua kituo. Adhana ya magharibi ilikuwa inaadhiniwa, foleni ya madereva imefika mlangoni. Mwenzangu alikunywa funda la maji, akatia tende mdomoni, na mkono wa pili ukaendelea kugonga mihuri. Nilizunguka kaunta, nikavuta fungu la karatasi nimpunguzie. Akaniondolea mkononi taratibu. Hakuwa na hasira, na afadhali angekuwa nayo.

"Acha tu, mkuu," alisema. "Hii si kazi yako tena. Wewe kagua."

Hajaniita mdogo wangu tangu siku ile. Nami, Mungu anisamehe, nikakagua.