Alisi Alikuwa Binti wa Nani

Nyumba ya Bi Doroti ilinuka kahawa iliyochemka kupita kiasi, dawa ya kuchua magoti na karatasi kuukuu. Kiangazi kile nilikuwa na miaka kumi na moja. Shule zilikuwa zimefungwa, na Mama, aliyeajiriwa kumwogesha na kumpikia bibi huyo wa Kimarekani, hakuwa na mtu wa kumwachia mtoto pale kwetu Newburg, pembeni mwa Louisville. Basi nikawa naenda naye kila asubuhi, tukibadilisha mabasi huku sote tunasinzia. Juu ya meza ya kulia ya Bi Doroti palitandazwa karatasi pana kama shuka, pembe zake zimekandamizwa kwa makopo ya supu. Ilikuwa nasaba ya kabaila mmoja wa Uingereza wa zama zile za mapanga na ngome: Roja kamzaa Hugo, Hugo kamzaa Roja, Roja kamzaa Hugo tena. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Watu wana ngome nzima, wamekosa jina la tatu! Mama alipoelewa ni kitu gani alisema tu, "Kumbe hawa ndio Baganwa wao," yaani wana wa wafalme kama wale wa kwetu Burundi, akaendelea kupiga deki.

Bi Doroti alikuwa amefuatilia ukoo wake kutoka kwa mama yake mzazi, kizazi hadi kizazi, mpaka kwa mwanamke mmoja aitwaye Alisi, aliyekufa karne nyingi zilizopita. Hapo akakwama. Alisi alikuwa binti wa nani? Akiwa wa Hugo wa mwisho, Bi Doroti ni wa ukoo. Asipokuwa wake, basi tena. Chama cha wenye nasaba hiyo kilidai ushahidi, naye aliutafuta kwa lenzi hadi machozi yakamtoka. Na Mama, akimkunjia nguo chumba cha pili, alikuwa akitafuta ushahidi wa namna hiyohiyo. Kaka yangu Nduwayo alikuwa amebaki katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe anapozaliwa, kwa jinsi wazazi walivyojisikia wakati huo. Hakuna jina la ukoo la kugawana. Mama ni Nahimana, Esperansi likiwa la ubatizo tu, mimi Niyonkuru, yeye Nduwayo. Maofisa walipoona majina matatu yasiyofanana, wakalitenga faili lake na letu, wakatuambia sisi tutangulie. Sasa Mama alitakiwa athibitishe kwamba mtoto aliyemzaa, akamnyonyesha, akakimbia naye mgongoni, ni wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini haya, nenda kauthibitishe ofisini!

Majibu yote mawili yalikuja wiki moja. La Mama lilitangulia: ushahidi hautoshi. Hakulia. Alisonga ugali ukatoka uji, tukaula hivyohivyo. Kisha simu ya Bi Doroti ikalia, wakamwambia wamekubali. Alisi aliishi katika ardhi ya Hugo, tena aliitwa jina la mama yake Hugo, kwa hiyo yaelekea alikuwa binti yake. Yaelekea! Bi Doroti alilia kwa furaha, akataka keki ikatwe. Mama aliikata, akaweka kisu chini, akaketi kwenye kiti cha mwenye nyumba, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Mwambie," akaniambia, "huyo Alisi hakuna aliye hai aliyemwona akizaliwa, na wamekubali. Mimi Nduwayo nilimzaa mwenyewe, nina akili zangu timamu, wamekataa. Muulize nimekosa nini."

Nilitafsiri neno kwa neno. Bi Doroti hakuigusa keki yake. Alisogeza kidole mpaka juu kabisa ya ile karatasi, penye ndugu watatu, kila mmoja akiitwa kwa jina la ardhi aliyopewa. "Hawa ni baba mmoja, mama mmoja," alisema, "majina matatu, na hakuna anayewauliza." Akapiga simu ofisi ile iliyomkatalia Mama. Ukaja muziki wa kusubirisha watu. Mama akasuuza vyombo, akavikausha, akamvalisha Bi Doroti soksi, muziki bado unalia. Saa ya basi letu ilifika hakuna aliyepokea. "Pole, Esperansi," Bi Doroti akasema, na pole yake ilikuwa ya kweli. Niliichukia kwa sababu haikuwa na nguvu yoyote.

Tangu hapo tumehama mara mbili kufuata kazi za maghala: kwanza Columbus, kule Whitehall, kisha hapa Lackawanna, jirani na Buffalo. Utotoni niliamini wakubwa hawajaipata tu ofisi sahihi. Siku hizi ninayezipigia simu ofisi hizo ni mimi, na nimechoka. Vipimo vya damu vilikuja kukubaliwa, lakini Nduwayo alikuwa ameshaoa, na mwenye mke foleni yake ni nyingine. Mchungaji hutuambia subira huvuta heri. Namjibu moyoni, baba mchungaji, heri hiyo imefungwa kwa kamba ndefu kiasi gani? Jumapili iliyopita tulimpigia Nduwayo kwa video. Binti yangu Keza, ambaye hata umwongeleshe vipi hukujibu kwa Kiingereza, aliishika simu, akamtazama mjomba wake, akamgeukia bibi yake, akasema neno. Mama akaniuliza mtoto kasema nini.

"Anasema huyu mtu wa kwenye simu amevaa uso wako."

Mama akaweka kijiko chini.

"Mwambie arudie," alisema. "Kwa sauti."