Mama Yangu Alikuwa na Kilo Ngapi

Shule niliiachia darasa la tano na sijawahi kuikumbuka. Nilipofika Johannesburg sikujua kuomba hata maji kwa Kiingereza. Leo ukipita Bertrams, ukishuka kuelekea uwanja mkubwa, mageti ya chuma unayoyaona yamesimama wima na hayalii bawaba, mengi ni yangu. Ya mwanzo nimeyachomea kwa mkono wangu, kabla sijawa na watu wa kunichomelea. Wenye diploma wamekuja karakana kwangu kuomba kazi. Wengine nimewapa, wengine nimewafukuza kabla ya chai. Nasema haya ili ajulikane aliyeangukiwa na vyuma ni nani.

Ilikuwa mwaka 2016, kwenye yadi ninakonunua mabomba. Dereva wa foklifti alikuwa anazungumza na mwenzake huku amenyanyua mzigo wa mabomba ya mraba, kamba ikaachia. Niliruka, ila mzigo ulinikuta begani. Simu iliyokuwa mfukoni ikasagika pamoja na kila kilichokuwemo. Kichwa salama, miguu salama, lakini bega la kulia lilichanika ndani na mkono ukawa haupandi kupita kifua. Hospitali ya serikali wakanifunga kitambaa, wakaniambia foleni ya upasuaji wa bega ni ndefu, na wanaotaka kufa wanatangulia. Hospitali ya kulipia nilikuwa siiwezi. Fundi wa kuchomea asiyeweza kunyanyua mkono ni mlinzi tu wa karakana yake. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikitukana watu kwa sababu mdomo ndio uliobaki mzima.

Wenye yadi walikuwa na bima, na bima ikasema sijaumia kiasi hicho. Nikapanda treni ya kasi mpaka Sandton kwa wakili, mama mmoja wa Kikenya, viatu virefu, maneno mafupi.

"Mzee, huko mtandaoni uko na watu wangapi?"

"Wengi kuliko wewe."

Hakucheka. Alinyoosha mkono nimpe simu mpya niliyonunua, akapitia ukurasa wangu wote mbele yangu. Mimi na geti la kuteleza. Mimi na bakkie, pikapu yangu. Mimi nimebeba mbuzi mzima mabegani sikukuu ya Idi. Wateja wangu nusu walinijua kwa picha zile, na Tanga nzima ilijua nimefika wapi.

"Sikiza vizuri. Kuanzia leo hakuna picha, hakuna stetasi, na usijibu mtu. Za zamani usifute, watasema unaficha. Bima wataweka mtu, kazi yake ni kukuangalia wewe tu."

"Hata kumpa mtu hongera ya harusi?"

"Ukimpa hongera, watauliza kama ulicheza. Na watu wa kwenu waambie wasikuweke popote. Mambo ya kesi usiwaelezee. Sawa?"

Nikaandika kwenye grupu la familia: mtu asiweke picha yangu mpya, asiulize kwa nini. Nikanyamaza. Mtu ambaye kila siku alikuwa anaonekana, ghafla haonekani. Kwetu ukinyamaza hivyo, watu wanakuzika wenyewe. Kwanza walisema nimefungwa. Halafu nimefilisika. Mwisho wakaafikiana kwamba nimekatwa miguu yote miwili na naombaomba kwenye robot, taa za barabarani, kila taa ikiwa nyekundu najikokota baina ya magari na kopo. Mpaka aina ya kopo walikuwa nayo.

Ijumaa moja, tumetoka msikitini Mayfair, Mtanga mwenzangu mmoja muuza nguo akanitazama kuanzia kiunoni kushuka chini, taratibu, mbele za watu.

"Ee bwana! Hii miguu ya bandia wanauza duka gani? Inafanana kabisa!"

Watu wakacheka mpaka mmoja akashikilia ukuta. Zamani ningemjibu mtandaoni jioni hiyo hiyo, na angehama mtaa. Nikala tusi, nikaondoka. Nilikuwa nataka bega langu.

Nina dada mmoja, mdogo wangu wa mwisho, anakaa Tanga kwenye nyumba niliyoijenga mimi. Kwa mipasho, pwani nzima hakuna wa kumgusa. Akiandika mistari miwili, mwanamke mwenzake anafungia ukurasa wake. Wanawake wa mtaa walipoanza kumrushia vijembe vya kaka asiye na miguu, alivumilia kidogo, na kuvumilia si kazi yake. Katazo langu alilikumbuka vizuri: picha mpya. Akatafuta ya zamani.

Aliyeniletea habari ni fundi wangu mmoja wa Lubumbashi, alikuja na simu huku anacheka.

"Patron, kuya uone. Kuko mama moya wa kwenu, anasema jana ulikuwa unacheza mu ndoa."

"Jana nilikuwa hapa."

"Ndiyo minajua! Jana ulikuwa unanitukana siku yote. Ulienda kucheza saa ngapi?"

Nikaichukua. Ilikuwa video ya harusi ya dada huyo huyo, miaka kabla ya ajali, ndani ya hema ambalo lingeweza kuwa popote duniani. Mimi nimemnyanyua mama yetu mikononi, juu juu, nazunguka naye. Mama anapiga vigelegele na kunipiga kichwani kwa mkoba nimshushe. Na chini yake dada ameandika: "Haya wenye viroho vyenu! Kaka huyu hapa, jana tu, Johannesburg, anayarudi mangoma. Mliomkata miguu mrudishieni!" Chini ya hapo watu, wengi hawamjui hata mama yetu kwa sura, walikuwa wanashangilia kama goli limeingia.

Nikamrudishia simu yake.

Wakili aliniita, na upande wa bima ukawapo. Wakili wao alikuwa bwana mnene wa sauti ya upole, mtu wa kukukaribisha biskuti. Neno "jana" lilikuwa limeshatafsiriwa na kupigwa muhuri. Akawasha video ukutani, kubwa, bila sauti, akaisimamisha pale mikono yangu ilipokuwa juu kabisa.

"Huyu mwanamke aliyebebwa," akauliza, "ana kilo ngapi?"

Wakili wangu akanitafsiria, ingawa nilikuwa nimeshaelewa.

"Ni mama yangu."

"Hilo sikuuliza. Nauliza kilo."

"Amekufa."

Akanipa pole kwa adabu, halafu akasema wanahitaji makadirio, kwa sababu mtaalamu wao wa viungo lazima apige hesabu ya mzigo ambao bega langu linaweza kubeba. Kama amekufa, sawa. Kuna mtu anayeweza kueleza alikuwa mnene au mwembamba?

Nimetukanwa mjini hapa kwa lugha nyingi. Hakuna aliyewahi kunifikia pale alipofika yule bwana kwa upole wake. Wakili wangu alinibana goti chini ya meza, akamwuliza yeye: kama mama huyu alizikwa kabla ya vyuma kuanguka, amechezaje jana? Bwana akajibu: cheti cha kifo hakisemi kwamba aliyebebwa ni huyo mama, kwa hiyo ni neno lenu dhidi ya neno la dada. Mleteni dada aape kwamba amesema uongo.

Nikampigia dada palepale nje, kwenye ngazi.

"Kaka, umeona nilivyowanyamazisha?"

"Nani alikutuma?"

"Nilikutetea! Walikuwa wanakuita kiwete!"

"Mimi ni kiwete! Wa bega! Na wewe umeniua mara ya pili. Utakwenda kwa wakili hapo mjini, utaapa kwamba uliandika uongo, na kwamba mama alikuwa keshakufa wakati naumia."

"Pale kwa wakili anafagia mke wa jirani yetu mmoja. Ikifika saa kumi mtaa mzima utakuwa nayo."

"Na iwe nayo."

"Watanicheka, kaka. Nitatokaje nje?"

"Kwa mlango niliouchomea mimi, kwa mkono huu unaotaka kuniua nao. Usipokwenda, uufunge na ufunguo uniletee."

Wapo watakaosema nilimkazia sana. Hawajawahi kulala na bega lililochanika. Mtu akikubomolea, unamwambia ajenge, hata kama aliyebomoa alikuwa anakupenda.

Alikwenda, na hata saa kumi haikufika, mtaa ulikuwa nayo. Wanawake wale wale aliowanyoosha miaka yote walisubiri kule Tanga nje ya mlango niliouchomea, wakiimba, na kila alichoandika tangu harusi yake wakakirudisha na neno moja chini yake: kiapo. Kisa cha miguu yangu kikasahaulika. Wakili wangu alikuwa amekataza video isifutwe mpaka kesi iishe, kwa hiyo ikakaa pale, kila siku, watu wakiandika uchafu chini ya vigelegele vya mama yetu. Dada hakujibu hata mmoja. Nilikuwa nimemkataza.

Bima wakalipa. Si yote tuliyodai, kwa sababu yule bwana mpole aling'ang'ania mpaka mwisho kwamba familia inayosema uongo mara moja haikatazwi kusema mara ya pili. Lakini ilitosha. Nilipasuliwa hospitali ya kulipia, chumba cha peke yangu, na mwaka 2018 nikashika tena mashine ya kuchomea.

Siku wakili aliponiambia sasa niko huru kuweka picha ninayotaka, nilimpigia dada anitumie ile ya mama. Ile iliyosagika na simu yangu ilikuwa nakala yangu pekee.

"Nimeifuta," akasema. "Kwenye ukurasa na kwenye simu. Siku ile ile uliyoniambia kesi imekwisha."

"Umeifuta vipi? Mama hana video nyingine!"

"Najua hana. Kama unamtaka, waombe wale mawakili uliowapelekea kiapo changu." Akakata simu, na tangu hapo hunipigia mwezi ukiandama, ananisalimia kama unavyomsalimia mwenye nyumba.

Nikapanda treni kwenda Sandton. Wakili alikuwa nayo ile iliyotoka kwa mtaalamu wa bima, akanirushia kwenye simu bila kunitoza kitu. Haina sauti, kwa sababu bega halipimwi kwa sauti. Mtaalamu amechora mstari mwekundu kutoka kiwikoni kwangu mpaka juu, na mstari unapita katikati ya uso wa mama. Pembeni ameandika kilo alizomkadiria. Amezidisha. Mama yangu alikuwa mwepesi, nilimzungusha kama kikapu.

Hiyo ndiyo ninayo. Sijaiweka mtandaoni.

Bega limepona, hilo hakuna wa kunibishia. Juzi nimenyanyua bawa la geti peke yangu mpaka juu ya kichwa, na yule fundi wa Lubumbashi akataka kunipiga picha. Nikamwambia apige, na mara hii aandike tarehe.