Mafuta Hayatoki kwa Jasho

Ipo asubuhi moja hainitoki kichwani, mwanangu, lakini ili uielewe lazima kwanza ujue tulichokuwa tunaamini. Mie na kaka yangu Salum, baba yako, tulikuwa kwenye karakana ya kuyeyushia vyuma pale Chang'ombe, na karakana nzima iliamini kwamba mafuta ya nyama hayamdhuru mtu wa tanuri. Joto linayayeyusha mwilini, yanatoka na jasho. Usicheke. Kuna fundi alikuwa anajipangusa paji la uso, anakusogezea kidole puani: "Unaona kinavyoteleza? Mkia wa ng'ombe wa jana huo, unatoka!"

Mie ndiyo usiseme. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, najiona mkuu wa chuo kikuu. Nikawathibitishia kwa fizikia: kigumu kikipata joto huwa kimiminika. Wakanipigia makofi mpaka bati likatikisika.

Basi kila siku kabla ya kazi tuko kwa mama ntilie wa getini. Supu yake ya mkia ilikuwa na mafuta ungeweza kuteleza nayo kutoka Chang'ombe mpaka Mwenge bila nauli.

"Dada, niengulie huo utando wa juu," baba yako anamwambia.

"We Salum, mwembamba kama nondo, unayapeleka wapi yote haya?"

"Kwenye tanuri!"

Jioni tena, nundu ya kuchoma. Miaka ikaenda hivyo.

Asubuhi ile baba yako akasema kifua kinambana, mkono wa kushoto mzito. Wenzetu wakasema gesi. Mie msomi nikamwambia, "Kaka, mafuta yameganda hayo. Sogea kwenye tanuri yayeyuke."

Akasogea. Jasho la baridi likamtoka, nami nikafurahi, nikidhani ndiyo yanatoka. Akaanguka koleo likiwa mkononi. Hospitali tulifikisha mwili.

Nikambishia daktari, binti wa rika langu: mtu mwembamba vile, anayetoka jasho ndoo nzima kwa siku, mafuta yamemkaa wapi? Hakunicheka.

"Kaka yangu, jasho ni maji na chumvi. Mafuta ya nyama na samli yakizidi, ini linashindwa kuiondoa vizuri kolesteroli mbaya kwenye damu. Inapenya ukuta wa mshipa, inajijenga polepole miaka mingi, kwa mnene na kwa mwembamba. Siku gamba lake likipasuka, damu inaganda hapo, mshipa unaziba, moyo unakosa damu. Hakuna tanuri la kuyeyusha hiyo."

Sasa nasikia nawe umeajiriwa karakana ileile, na juzi umemjibu mama yako, "Mie mtu wa tanuri, yatatoka." Mwanangu, hayatoki. Utando wa supu engua umwage. Nundu iwe ya sikukuu. Mboga ipikwe kwa mafuta ya alizeti, tena kidogo. Maharage na samaki ndiyo uvizoee. Nenda kapime damu ukiwa mzima, maana kolesteroli haiumi wakati inajijenga. Na kifua kikikubana usingoje mtu akwambie ni gesi, hata awe msomi kama mie. Kimbilia hospitali.

Baba yako nilimzika mie. Mwenyezi Mungu akujaalie wewe unizike mie, kichwa chako kikiwa kimejaa mvi.