Lami Iliyozeekea Pipani

Mume wangu Burito hakujua kutulia. Hata akila, mguu mmoja ulikuwaga mlangoni. Miaka ile ya Ujamaa alikuwa mpika lami kwenye kambi ya barabara hapa Musoma. Aliniambia lami inazeeka kama mtu: jua na hewa vinakausha mafuta yake pole pole, mwisho inapasuka. Lakini moto ukizidi, alisema, inazeeka siku moja, bado iko pipani.

Msimamizi wake alikuwa baba yangu, Mzee Rafaeli. Hapo ndipo penye balaa. Kwetu mkwe habishiwi, hata machoni humtazami. Burito akiwa na neno kwa baba, ananituma mimi.

Siku hiyo walitakiwa kulaza kipande cha mbele ya soko. Lori la kokoto likaharibika huko Bunda, baba akaagiza moto usizimwe mpaka lifike. Saa nne, saa sita, saa nane, kuni zinaongezwa tu. Burito akachovya kijiti, akavuta. Asubuhi lami ilikuwa inatoa uzi mrefu. Sasa ukakatika papo hapo. Akaja nyumbani mbio, jasho linamtoka, akanituma nimwambie baba lami imeungua, imwagwe, maana barabara ikipasuka mpishi ndiye anafukuzwa kazi.

Nikaenda. Nikamkuta baba amekaa na wakubwa wa ofisini, anajisifu kwamba kazi inaisha leo leo. Jamani, mimi binti yake nimwaibishe mbele ya wageni? Nikawawekea maji ya kunywa, nikarudi. Nikamwambia Burito mzee amekataa. Uongo mtupu, na ulinitoka kirahisi.

Jioni wakailaza. Miezi mitatu haikuisha, ikapasuka yote. Ukiokota kipande kinavunjika mkononi kama ukoko wa ugali. Akaja injinia kuuliza nani aliiunguza. Baba akaapa hakuna mtu aliyemwonya, na kweli hakuwapo. Burito akatazama chini.

"Ni mimi," akasema.

Tukafungasha, tukarudi Butiama kulima. Njia nzima hakutulia, anahamisha jembe bega hili, bega lile. Mwisho akasimama.

"Wegesa, nilijua mzee anadanganya. Ila ni baba yako. Ningemtajaje?"

Nikalia hadi nikakaa chini. Akanibembeleza, maskini, akidhani nalilia kazi.