Kona ya Baba

Karibu na Dunga, mbele kidogo ya mahali ambapo wanawake huanika dagaa wa omena, kuna ukanda wa nyasi fupi na laini kuliko zulia lolote nililowahi kukanyaga. Hakuna mtu anayezikata. Viboko hutoka ziwani giza likiingia, wakala, wakarudi majini kabla ya jua, na asubuhi nyasi ziko sawa kabisa kana kwamba kinyozi amepita. Utotoni tulikatazwa kuzichezea, maana mwenyewe angeweza kurudi wakati wowote. Tulizitazama tu kwa mbali, nami nikakua nikiamini kwamba hakuna kijani kingine duniani kama kile.

Baba yangu huchomelea milango na madirisha ya chuma, lakini ukimuuliza kazi yake atakwambia yeye ni mshabiki. Ni kiongozi wa tawi la mashabiki mtaani kwetu, kundi la wanaume wenye sauti kubwa na viatu vilivyochoka. Kwao Jumapili ina ibada mbili, moja kanisani asubuhi na nyingine uwanjani alasiri.

Uwanja wenyewe ulikuwa umeteswa. Kwanza ulikuja mkutano wa siasa, malori yakaingia hadi katikati na majukwaa na vipaza sauti. Haukupita muda, ukaja mkutano wa injili, na vigingi vya mahema vikapigiliwa kila mahali. Kisha mvua. Upande wa kulia, karibu na kibendera cha kona, lori moja lilizama hadi ekseli, na waliolitoa walichimba, wakatupa mawe na matawi, wakalivuta kwa kamba. Liliacha shimo ambalo mbuzi angeweza kulala ndani asionekane. Tuliambiwa patarekebishwa. Ligi ikaendelea. Sehemu iliyobaki ilikuwa udongo mtupu, sakafu wakati wa jua, uji wakati wa mvua, na wachezaji wa ligi kuu ya nchi, watu wazima ambao kazi yao ni mpira, wakawa wanaruka madimbwi kama watoto wanaokwenda shule.

Baba aliyavumilia hayo yote mpaka alipojua nani anakuja.

Dada yangu mkubwa alikuwa amechumbiwa na winga wa timu moja kutoka upande wa Waluhya. Baba yake yule kijana alikuwa aje kwetu Jumamosi, ajitambulishe rasmi, na kesho yake timu ya mwanawe icheze na yetu hapa hapa Kisumu. Baba akamwalika alale, wakatazame mechi pamoja. Ndipo alipoanza kukosa usingizi.

"Mkwe hawezi kuja akaona hivi," alisema. "Ukimkaribisha mtu, unafagia ua."

"Huo ni ua wako?" mama akamuuliza.

"Ni wa nani basi?"

Katikati ya wiki yeye na wenzake walikwenda Dunga na mapanga na majembe, wakakata zile nyasi za viboko, mapande mapana yenye udongo wake mweusi, wakayapakia kwenye mkokoteni na kuyafunika kwa magunia yaliyoloweshwa. Mama alisimama mlangoni mkokoteni ukipita.

"Na mwenyewe akirudi usiku akute shamba limenyolewa, mtamwambia nini?"

"Mwambie amechangia timu!" baba akajibu, na wenzake wakacheka hadi mkokoteni ukayumba.

Lile shimo walilijaza kwa tope lile lile la ziwani, wakalisawazisha kwa viganja, wakatandika nyasi juu yake. Mlinzi wa uwanja aliwafungulia lango, naye ni mshabiki. Baba alirudi jioni na kucha nyeusi, akinuka ziwa, na furaha ya bwana harusi. Siku ya pili nilikwenda kuona. Katika uwanja wote ule wa vumbi na makovu, kona moja iling'aa. Nilisimama nikaitazama kwa muda mrefu. Mimi huandika riwaya, na watu wa aina yangu tuna udhaifu huu: kitu kikipendeza tunaamini kimekamilika.

Jumamosi mgeni akafika. Alikuwa mkulima wa miwa, mrefu, mpole, mwenye kofia ambayo aliivua wakati wa sala tu. Mwanawe hakuwepo, alikuwa kambini na timu. Tuliwaandalia samaki aina ya ngege wa kukaanga na ugali, na wanaume wawili wakala wakipimana kwa maneno, kama ilivyo kwa watu watakaokuwa ndugu.

"Huyu kijana," mzee alisema akitenga miiba pembeni ya sahani, "mguu wake ndio shamba letu. Ndugu zake wana miwa. Yeye ana mguu."

"Basi kesho shamba lako litapata mbolea, Bwana," baba akasema. "Kuna kona nimeitandika mwenyewe, kwa mikono hii. Mwambie kijana apite hapo. Hata akianguka ataomba mto alale."

"Lakini wewe si mshabiki wa timu ya huku?"

"Mshabiki, ndiyo. Lakini wewe sasa ni ora. Mkwe ni mkwe."

"Hapo umeshafungwa moja na mpira haujaanza!"

Mama alisikia akacheka kule jikoni. Hakuwa amekaa nao. Kwetu mama wa msichana na mume wa binti yake huheshimiana kwa umbali, na umbali huo huanza mapema, tangu siku ya uchumba. Hawapeani mikono. Hawalali chini ya paa moja. Na ni mwiko kabisa mama kumwona mkwe wake kitandani. Hata baba yake kijana, mama alimsalimia kwa macho yaliyoinama.

Jumapili jua lilikuwa kali baada ya mvua ya asubuhi. Mashabiki wa wageni walikuja na ngoma zao za isukuti, na walipouona uwanja, ngoma zikanyamaza kwanza, kisha vicheko vikaanza.

"Jamani, tumekuja kucheza ama kupalilia?"

"Refa! Umebeba jembe?"

"Nyinyi mlizoea kucheza na kuku uani!" wa kwetu wakajibu. "Rudini mkakamue miwa!"

Nilicheka pia. Tulikuwa tumezoea. Mchezaji wetu akiteguka tulisema ni bahati mbaya, au tulimtafuta mchawi, au tulisema ameuza mechi. Hatukuwahi kuilaumu ardhi. Dada alikaa kati yangu na baba, amevaa gauni jeupe ili asiwe upande wowote. Mzee wa miwa alikaa upande wa pili wa baba, kofia magotini, kama yuko kanisani.

Mpira ulikuwa wa kuhurumiwa. Pasi ya chini iligonga tuta ikawa ya juu. Beki wetu alirudisha mpira kwa kipa, ukakwama njiani kwenye dimbwi, na watu watatu wakaukimbilia kama kuku walioona punje. Mchumba wa dada alicheza kwa hofu. Ana namna yake ya kukimbia, kichwa kimeinama kidogo kama mtu anayesikiliza kitu, lakini siku hiyo alikimbia akitazama miguu yake tu, akivunja mwendo kila hatua, akichagua pa kukanyaga. Mzee akasikitika kwa sauti ndogo. "Leo si yeye."

Kipindi cha pili wakampa mpira mrefu upande wa kulia. Akaufukuza. Akainua kichwa, akaiona ile kona.

Nitakumbuka mwendo wake ulivyobadilika. Mabega yalishuka, hatua zikawa ndefu, hofu ikamtoka. Kwa mara ya kwanza mchana ule alikimbia kama mchezaji. Dada akashika mkono wangu, na baba akanyanyuka nusu kutoka kwenye kiti, uso umejaa nuru, kwa sababu winga wa adui alikuwa anakuja kupiga krosi juu ya nyasi zake.

Alikita mguu wa kushoto ili apige kwa wa kulia. Nyasi zikateleza nzima nzima, kama mkeka juu ya sakafu iliyomwagiwa maji, na chini yake kulikuwa na tope tu. Mguu ukazama hadi karibu na goti. Mwili ukaendelea na safari, mguu ukabaki.

Upande wetu ukalipuka kwa kicheko.

"Leteni nyavu mumvue!"

"Anaigiza huyo! Refa, mpe kadi!"

Na mtu mmoja nyuma yetu, asiyemjua yeyote kati yetu, akapaza sauti kuliko wote: "Mleteeni mto alale!"

Dada alikuwa ameshasimama. Hakulia. Alishuka ngazi kuelekea uwanjani, gauni lake jeupe likipita katikati ya watu wanaocheka, na wao wakampisha wakidhani anakwenda kununua njugu.

Mzee wa miwa hakusimama. Alikuwa anatazama kule chini, akijaribu kuelewa.

"Lakini pale," alisema polepole, "si ndipo penye nyasi nzuri?"

Hakuwa analaumu. Aliuliza kama mgeni anayeuliza njia. Baba alitazama mikono yake, ambayo kucha zake zilikuwa bado hazijatakata.

"Pale ni pangu," akasema.

"Najua. Ulituambia." Mzee akaigeuza kofia magotini. "Nami nilimpigia simu jana, nikamwambia apite hapo."

Wabeba machela walikuja wakiruka mashimo, na wakati wa kurudi mmoja akajikwaa akapiga goti, machela ikainama, na tukamsikia kijana akipiga ukelele. Kicheko kikaanza tena, kikakatika chenyewe. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Sisi tulimwita mgeni tukamvunja, kisha tukamcheka. Nilikuwa na skafu ya timu shingoni. Niliivua nikaikunja, nikakosa pa kuiweka, nikaikalia.

Tulipokuwa tunatoka, nilimwona mtu akivunja tawi kwenye ua wa uwanja. Alilisimika ndani ya shimo, kama watu wanavyofanya barabarani nyuma ya lori lililoharibika, na refa akapuliza kipenga, mechi ikaendelea, wachezaji wakilizunguka lile tawi. Tukiwa nje langoni tulisikia kelele za goli. Hakuna aliyeuliza ni la nani.

Jumatatu mama alipika samaki, akamfunika vizuri kwa majani ya mgomba na kitambaa safi, tukaenda hospitali. Wodi ilikuwa ya chini, madirisha yake yametazama kibaraza. Mama alisimama kibarazani, mgongo ukutani, pembeni mwa dirisha, mahali ambapo angeweza kusikia bila kuona. Hilo tulilitarajia. Mimi na dada tukaingia. Nilidhani baba yuko nyuma yetu.

Kijana alikuwa amelala chali, mguu ndani ya plasta umeinuliwa juu ya mito. Baba yake alikuwa ameketi kwenye ukingo wa kitanda, macho mekundu. Daktari alikuwa amesema mfupa utaunga. Alipoulizwa kuhusu mpira alisema tutaona, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

"Mama amekuja?" kijana akauliza.

"Yuko nje, dirishani," dada akasema. "Hawezi kuingia."

Akavuta shuka hadi kidevuni, kwa heshima, ingawa hakuna aliyekuwa anamwona kutoka kule. Halafu akapaza sauti. "Mama, asante kwa samaki!"

"Kula, mwanangu," sauti ya mama ikaja. "Kula umalize. Mungu akuponye."

"Na baba? Hakuja?"

Nilitazama mlangoni, hapakuwa na mtu.

"Niko hapa," baba akasema, kutoka dirishani.

"Baba, mbona umesimama na mama? Wewe huna mwiko."

Nilisikia viatu vyake vikisogea juu ya saruji, kisha vikatulia.

"Leo ninao," akasema.

Mzee wa miwa aliinuka kama anataka kwenda kumleta, akasita, akakaa tena. Dada akafunua samaki. Tulimlisha mgonjwa, na kila tonge lilipokwisha mama aliuliza kutoka nje kama amekula, nasi tukamjibu amekula.

Lile tawi lilikauka mle shimoni. Mechi zilichezwa likiwa pale. Nimejaribu mara nyingi kuuandika uwanja ule kwa maneno mazuri, mwanga wa jioni, ngoma, vumbi la dhahabu, na kila mara nafuta, kwa sababu maneno mazuri juu ya shimo nimeshayaona yanavyofanya kazi.

Uchumba haukuvunjika. Plasta ilipotolewa kijana alikuja kutusalimu, akitembea kwa magongo mawili. Bodaboda ilimshusha barabarani, maana njia ya kufika kwetu ni nyembamba na mvua ilikuwa imenyesha. Inapita kandokando ya ziwa, kando ya zile nyasi za viboko, ambazo bado zina mabaka meusi pale mapande yalipokatwa. Maji yamejaa ndani yake, na ndege huenda kunywa.

Baba alikwenda kumpokea barabarani. Hakumkumbatia. Alimpa mkono, kisha akageuka, akatangulia. Alikanyaga mahali, akapiga kisigino kwa nguvu, akangoja, akapiga tena. Alipoona udongo umekataa kushuka, akasogea pembeni.

"Hapa," akasema.

Kijana akaweka gongo, kisha mguu. Baba akatafuta mahali pengine, akapiga kisigino.

"Baba," dada akamwambia, "hii si ni njia yetu ya kila siku?"

Baba alikuwa ameinama, akikagua unyevu kwa kidole, na sote tukasimama nyuma yake tukingoja, hadi aliposogea pembeni tena na kusema, bila kumtazama mtu usoni, "Haya. Na hapa."