Mama Fundi Asimama Kupimwa

Mama Fundi alikuwa na miaka sabini na tisa, na hamsini kati ya hiyo aliimaliza kupima viuno vya mtaa mzima. Hakuna aliyewahi kumdanganya kwa kubana pumzi. Ukibana, alikufinya ubavuni mpaka uiachie, ndipo akaandika.

Siku alipoanguka hakuwa amepanda ngazi wala kiti. Taa ya chumba cha kushonea ilikuwa imeungua wiki nzima, miwani ilikuwa juu ya cherehani, na kandambili zake zilikuwa zimelika soli zikabaki jina tu. Akakanyaga kipande cha satini sakafuni. Nyonga ikavunjika.

Hospitali wakampasua kesho yake na kuunga mfupa kwa chuma. Daktari akawaita watoto wake pembeni, akawaambia bila kuzunguka: kazi yetu tumemaliza, iliyobaki ni ya miguu yake. Mzee wa umri huu akilala tu, kifua humjaa, damu huganda, na wengi hawaumalizi mwaka. Asimame kila siku, hata akinung'unika.

Watoto wakaitikia kwa kichwa, wakarudi nyumbani, wakafanya kinyume. Si kwa ubaya. Mama aliyewalea peke yake kwa kukanyaga cherehani, leo waanze kumhangaisha? Fremu ya kutembelea waliyopewa hospitali ikasukumwa nyuma ya kabati. Kitindamimba, binti aliyeishi naye na kurithi kazi yake, akawa anamlisha kwa kijiko na kumwambia, "Tulia, Mama. Umehangaika vya kutosha." Mapenzi gani hayo, jamani, ya kumzika mtu kwa mito! Wiki ya pili mama akaanza kukohoa, na binti akaanza kulia jikoni.

Asubuhi moja Mama Fundi akasema, "Lete futi. Nipime."

Binti akaganda na kikombe cha chai mkononi. Alishasikia kwamba wazee huijua siku yao. "Mama, usiseme hivyo."

"Nimesema nipime."

"Hatujafika huko, Mama. Tafadhali." Machozi yakamkatiza.

Mama akamkodolea macho. Alipoelewa, kicheko kikamtoka mpaka akajishika nyonga. "Sanda inapimwa kiuno, wewe? Anza na kiuno. Nataka gauni, la kijani, la mikono mirefu. Na nilikufundisha mteja anapimwaje?"

Binti akajibu kabla hajafikiri. "Akiwa amesimama."

"Haya. Leo kiuno, kesho mabega, keshokutwa mikono. Kipimo kimoja kwa siku, na mishono nitaikataa yote mpaka nichoke."

Fremu ikatolewa na vumbi lake. Kusimama kulichukua muda mrefu kuliko kutia kola. Mama alikitukana chuma, akamtukana daktari, akaanza upya na kabati lililokuwa limemfichia farasi wake wa miguu minne. Lakini alisimama, na wote wawili wakacheka kwa furaha kama watu waliovunja kufuli.

Binti akazungusha futi. Ndani ya majuma mawili ya kulala, kiuno kilikuwa kimepungua hivi kwamba hakuamini namba, akapima tena. Mama akaiona sura yake.

"Acha nafasi ya kutosha kwenye mishono," akasema. "Nitanenepa."